Karatasi ya Kapsokwony Kulia

Vijana wangu wa karakana,

Siku ile mliponiaga kwa soda na mandazi, mmoja wenu aliniuliza tena swali lenu la kila mwaka: "Mzee, mbona unachora mtoto mzima na kazi ni ya mguu tu?" Nikamjibu kwamba mzee ana haki ya kuharibu karatasi. Mkacheka, tukamaliza mandazi. Sasa niko nyumbani hapa Tuwan, nanoa randa ambazo hazina kazi, na mke wangu amechoka kuniona nikifungua bawaba za milango isiyo na ubaya wowote. Jana alinipa daftari la mtoto wa shule akaniambia, "Kaa chini, andika, utuache tupumue." Basi nitawajibu kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo sitaweza.

Sitawaambia habari za vyeo, sikuwahi kuvielewa. Mshahara mnaujua, ni uleule wenu.

Niliingia hospitali ile ya misheni hapa Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini. Mimi ni mtu wa Naitiri, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa shamba kubwa la mahindi. Huko nilitengeneza plau, trela, madirisha, na hata kiti cha choo cha meneja. Sista aliyeniajiri aliniuliza, "Unajua kufanya nini?" Nikasema, "Kila kitu." Akasema kila kitu si kazi, akanivutia cherehani iliyokufa tangu Pasaka. Kufikia saa kumi cherehani ilikuwa inashona, bomba la jikoni limeacha kuvuja, na kitanda kimoja cha wodi ya wanaume kimerudishiwa gurudumu. Kesho yake wapishi walikuwa wananiita Fundi Yote.

Nilitengeneza kengele ya kanisa, jenereta, pikipiki ya padri, mlango wa mochari, na meno ya bandia ya katekista. Meno niliyatengeneza mara mbili, maana mara ya kwanza aliyajaribu kwa mahindi ya kuchoma. Hakuna kilichonishinda. Na hakuna kilichonigusa pia, niwaambie ukweli. Baba yangu alipozikwa, watu wakilia, mimi nilikuwa natazama bawaba za jeneza na kuona kwamba aliyezipiga alizigeuza juu chini. Mke wangu hajalisahau hilo. Huniambia, "Wewe Mungu alikupa mikono minne akachukua moyo kulipia."

Lakini hayo ya kengele na meno yalikuwa ya pembeni. Kazi yenyewe ilikuwa vyuma vya miguu. Ninyi wadogo mnaiona polio mara chache siku hizi, lakini miaka ile ilipita vijijini ikichagua. Mtoto anashikwa na homa, homa inakwisha, mama anashukuru Mungu, halafu anaona mguu mmoja hauamki. Sisi tulimfanyia fito mbili za chuma kando ya mguu, mikanda ya ngozi pajani na chini ya goti, kiatu kigumu chini, akasimama. Mtoto anakua na chuma hakikui, kwa hiyo kila mwaka unampima upya. Kila mwezi tulipanda Landrover na masista tukaenda Naitiri, Kapsokwony na Bungoma, tukiwapima watoto kwenye kumbi za makanisa.

Aliyenifundisha ni Mzee Njuguna. Familia yake ilihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri zamani sana, na ujana wake wote alikuwa akiwashonea wazungu matandiko ya farasi. Wazungu wakaenda, farasi wakaenda, yeye akabaki na sindano zake. Masista wakamchukua, maana anayejua kufunga ngozi mgongoni kwa farasi bila kumchubua hawezi kushindwa na paja la mtoto.

Siku yangu ya kwanza alitandika karatasi sakafuni, akamlaza mtoto chali, akanipa penseli ya seremala. "Mzungushie mguu," akasema. "Penseli isimame wima. Ukiilaza ndani, mguu utapungua robo inchi na mkanda utamla." Mtoto alikuwa analia, mimi nikamwangalia usoni kumbembeleza. Njuguna akanipiga kofi dogo la mkono.

"Wewe mtu wa Naitiri! Unaangalia nini huko juu?"

"Analia, Mzee."

"Kulia ni kazi yake. Yako ni mguu. Farasi hasemi panapomuuma, na mtoto anasema uongo ili aende nyumbani. Uliza ngozi. Gusa chini ya mkanda, palipo na joto ndipo panapomla."

Hilo la joto lishikeni mpaka mstaafu, ni kweli tupu. Lakini alikuwa na sheria nyingine, na hiyo ndiyo nataka kuwasimulia. Njuguna hakutaka jina la mtoto liingie karakana. Majina yalikaa kwenye faili za masista. Pembeni ya karatasi yetu tuliandika mahali anapotoka, upande wa mguu, na inchi, basi. Naitiri Kushoto. Bungoma Yote Miwili. Nilimuuliza sababu mara moja tu, tukinywa chai. Akasema, "Niliwahi kujua jina moja. Yule mtoto akafa, na mkono wangu ukatetemeka mwezi mzima. Wakati huo kulikuwa na watoto kumi na moja wanangoja." Akamwaga masalio ya chai nje, akarudi kwenye ngozi yake.

Mimi sikuhitaji kufundishwa mara mbili. Sheria ile ilinikaa vizuri kuliko kofia yangu.

Sasa, karatasi. Karatasi pana ilikuwa shida, hivyo tulichukua mifuko ya mbegu ya mahindi, ile ya karatasi, tukaipasua, tukatumia tabaka la ndani lililo safi. Ukitaka pana zaidi unaunganisha kwa uji mzito wa unga. Tulichora upande mmoja, na mtoto akishapata vyuma vipya tuligeuza karatasi tukamchora mwingine upande wa nyuma. Ikijaa pande zote, ilikwenda kuwashia tanuri. Hakuna kilichopotea pale, na nilijivunia jambo hilo.

Msichana wa Kapsokwony alikuja akiwa na miaka kama sita, amebebwa mgongoni na mama yake. Mguu wa kulia. Nikaandika pembeni, Kapsokwony Kulia. Mama yake ni mwanamke mrefu wa kule mlimani, mkulima wa vitunguu na viazi, ambaye alikuwa anasimama mlangoni mkono mdomoni muda wote wa kupima. Mtoto hakulia. Aliongea. Alilala pale kwenye karatasi akiniuliza kwa nini penseli yangu ni bapa, kwa nini masikio yangu yana nywele, na kama chuma kinasikia baridi usiku. Sikujibu hata moja.

Yule mtoto alivunja vyuma kuliko mtu yeyote niliyewahi kumhudumia. Mnaijua ile barabara ya Kapsokwony, na njia za kwenda mashambani ni mbaya kuliko barabara. Wenzake wa Kitale walitembea tambarare, yeye alikuwa anashuka mtoni na kupanda na mtungi. Kiungo cha kifundoni kilikatika mara tatu katika mwaka mmoja. Mara ya tatu Njuguna alisema, "Huyu ni trekta." Mimi nilifurahi. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya kiungo. Nilikaa nacho wiki mbili, mwisho nikachukua springi ya gari bovu, nikaipasha moto, nikaipiga polepole, nikaweka kizuizi nyuma ili kisirudi kupita kiasi akiteremka. Hakikuvunjika tena. Ndicho kiungo hichohicho mnachotengeneza ninyi leo, na mnakiita cha Mzee. Kilitoka kwake.

Kila mwaka alirudi, mrefu zaidi, na maneno zaidi. Mwaka mmoja, labda akiwa na miaka kumi, aliniuliza akiwa amelala chali, "Fundi, kwani wewe hauniangaliangi?"

"Nakuangalia."

"Unaangalia mguu."

"Mguu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi nimekuangalia. Usitikisike."

Mama yake akacheka mlangoni kupitia vidole. Nilidhani nimejibu vizuri sana.

Mzee Njuguna alistaafu katikati ya miaka hiyo. Aliniachia koleo lake la mbao la kubania ngozi na sindano saba. Mwaka uliofuata akafa, nikaenda mazishini, nikarudi kazini kesho yake asubuhi. Watu walisema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza.

Mara ya mwisho kumpima Kapsokwony Kulia, alikuwa amemaliza shule ya msingi. Alikuwa amepata nafasi ya sekondari Bungoma, akae kwa shangazi yake. Mama yake alinieleza hayo mara tatu, kila mara kama habari mpya, na masista walikuwa wakimpigia makofi. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto, mvua inanyesha, na dereva alikuwa ananiambia tusipoondoka saa tisa tutalala mlimani. Nikamlaza, nikachora miguu yote miwili, nikasema amka. Hakuamka.

"Nichore mzima," akasema.

"Kazi ni mguu."

"Najua. Nichore mpaka kichwa. Mpaka vidole."

"Ya nini?"

"Nikisimama bila chuma naegemea. Kwa kioo ya mama naona uso tu. Hapa chini ndio niko straight. Nataka kuona vile niko nikiwa nimenyooka."

Mama yake akamwambia, "Wewe, wacha kusumbua mzee." Akasema hasumbui, anaomba. Alikuwa ametanua mikono na vidole, amefumba macho, anangoja. Mimi niliangalia saa. Nikaona kubishana ni dakika kumi na kuchora ni mbili. Nikaongeza mifuko miwili juu, nikaunganisha kwa uji, nikamzungushia kiuno, mikono, kila kidole, mabega, shingo, kichwa na vile vijisuko vyake vinne. Alikuwa anacheka penseli ikipita kwapani. Akaamka, akashikilia meza, akaitazama ile karatasi kwa muda.

"Kumbe mimi ni mrefu hivi," akasema.

Alitaka kwenda nayo lakini mvua ilikuwa kubwa, na uji ule ukilowa unaachia. Akaniambia, "Niwekee, Fundi. Nitachukua nikikuja kwa vyuma ingine."

Nikasema, "Haya."

Hilo "haya" ndilo ninalowaandikia. Sikusema naahidi, wala sikuapa, lakini neno ni neno. Na nililisema nikiwa nakunja vifaa.

Vyuma vyake vikaenda Bungoma baada ya wiki tatu, kwa mkono wa sista. Mwisho wa mwezi uleule, mifuko ya mbegu ikaisha. Kulikuwa na mtoto wa Naitiri anangoja, miguu yote miwili. Nikatazama ukutani kwenye msumari ambapo karatasi zilining'inia, nikaona ile ndefu. Nikachukua kisu cha ngozi. Kuanzia mapajani kwenda chini nikaacha, maana hicho kilikuwa kipimo chake na ningekihitaji mwakani. Kutoka kiunoni kwenda juu nikakata, nikageuza, nikamchora mtoto wa Naitiri upande wa nyuma. Alipopata vyuma vyake, kile kipande kikaingia kwenye tanuri. Sikufikiria kitu. Kama ningefikiria nikakata, ningekuwa mtu mbaya, na mtu mbaya anaweza kutubu. Mimi sikufikiria kabisa.

Yule mama alikuja karakana mwaka uliofuata, asubuhi, mwezi wa tano. Alikuwa peke yake. Alikuwa ametoka Kapsokwony alfajiri, viatu vimejaa tope jekundu. Akaweka kifurushi cha leso kwenye meza yangu, akakifungua. Vyuma vilikuwa vimesuguliwa kwa majivu mpaka vinang'aa, ngozi imepakwa mafuta. Mnajua mzazi anaporudisha vyuma vidogo ni kwa sababu mtoto amekua. Hivi havikuwa vidogo. Nikavichukua, nikakunja kiungo, nikakikunjua, nikatazama ribiti, zile pini zinazokishika.

"Hivi bado ni vizima," nikasema. "Vinamuuma wapi?"

"Havimuumi," akasema. "Tulimzika Jumamosi."

Malaria. Watu wa mlimani hawaijui malaria ya Bungoma, inawakamata kama wageni. Siku nne kwa shangazi, hospitalini akafika amechelewa. Wazee wa nyumbani walikataa azikwe na chuma, wakasema aende bila mzigo. Mama akasema basi virudi kwa fundi, vimsaidie mwingine. Hayo yote aliniambia kwa sauti ya kawaida, ameshika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa bado nimeshika kiungo. Sikujua pa kukiweka.

Kisha akasema, "Nimekuja kuchukua ile karatasi."

"Karatasi gani, mama?"

"Ya mtoto. Alisema ati ulimchora yeye mzima, na mimi nilikuwa hapo nikaona. Kila likizo alikuwa anasema atakuja kuchukua. Sisi hatukuwahi kumpiga picha, Fundi. Hata moja. Ile ya shule walisema watapiga mwaka huu." Akanyoosha mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. "Si unipatie tu. Nitaweka kwa ukuta, akiwa amenyooka."

Vijana, mimi ni Fundi Yote. Niliwahi kutengeneza meno ya mtu kutoka vipande vitano. Nikawaza haraka, kama ninavyowaza kazi. Nje kwenye benchi kulikuwa na msichana wa Kitale wa urefu uleule. Ningemwambia mama angoje, nimlaze yule, nimzungushie penseli, nimletee. Asingejua kamwe. Nikaenda hadi mlangoni nikamwangalia yule msichana, na hapo ndipo nilipojaribu kumkumbuka yule mwingine, ili nisikosee kichwa. Sikuweza. Nilijua kutoka goti mpaka kisigino ni inchi kumi na nne na nusu. Nilijua paja la kulia limepungua inchi mbili na robo kuliko la kushoto. Uso sikuwa nao. Miaka minane alikuwa akiniangalia kutoka sakafuni, na mimi sikuwa na uso wake.

Nikarudi, nikamwambia ukweli. Nilisema, "Mama, niliikata."

Hakuelewa. "Uliikata?"

"Karatasi ziliisha. Nilitumia upande wa pili, kwa mtoto mwingine. Halafu nikaichoma. Imebaki ya miguu."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Akauliza, "Huyo mtoto mwingine anatembea?"

"Anatembea."

"Ni wa wapi?"

"Naitiri."

"Basi," akasema. Halafu akafunika uso kwa leso ile iliyofunga vyuma, akalia, na mimi nikasimama pale na mikono yangu yote minne. Sikujua hata kumpa kiti. Sista ndiye aliyekuja kumpa kiti.

Alipomaliza akaomba hiyo ya miguu. Nikaitoa kwenye msumari, nikaitandika mezani. Akapitisha kidole kwenye mstari wa penseli, mguu wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, polepole, mpaka dole gumba. "Hapa alijikata na jembe," akasema. Kwenye mchoro hapakuwa na kovu, lakini alijua palipo. Halafu akaona maandishi pembeni. Hakuwa na kisomo kingi, alisoma herufi moja moja.

"Hii inasema nini?"

"Kapsokwony Kulia."

"Ni nini hiyo?"

"Ni... ndivyo tunavyoandika."

"Futa," akasema. "Andika jina lake."

Nikachukua kifutio, nikafuta. Nikashika penseli, nikaisimamisha wima kama nilivyofundishwa. Nikangoja mkono wangu uandike. Mama akangoja. Sista akangoja. Nje mtoto fulani alikuwa anapiga benchi kwa gongo lake. Mwisho, vijana wangu, ikabidi niulize.

"Mama, anaitwa nani?"

Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho.

"Chemtai," akasema. "Anaitwa Chemtai, Fundi."

Nikaliandika kwa herufi kubwa, yeye ameshika karatasi isiteleze, maana mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Nadhani iko kwake mpaka leo, ukutani kule Kapsokwony, miguu miwili na jina juu yake. Herufi zenyewe hazijanyooka.